Ubao wa Chaki na Ubao wa Randa

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana ambao wengine mmekosa viti mkaegemea ukuta: habari za asubuhi.

Mwanzoni niliombwa nizungumze juu ya hisabati katika sinema. Nikakubali upesi, maana mtu akikwambia ukatazame filamu halafu aite hiyo kazi, huulizi mara mbili. Siku chache baadaye simu ikaita tena: wengi watakaokuja wanasomea useremala, je, siwezi kugusia hisabati ya ufundi? Nikajibu nitazungumza yote mawili kwa muda uleule, kwa sababu Kiswahili kimeshanifanyia nusu ya kazi. Kile anachoandikia mwalimu kwa chaki ni ubao. Kile kinacholala juu ya meza ya seremala kikingoja randa nacho ni ubao. Kona iliyokaa sawasawa tunasema ni mraba, na namba ikizidishwa kwa yenyewe nayo huzaa mraba. Tena kuna hesabu. Hesabu ni kujumlisha na kutoa, lakini mtu aliyeshika fedha za wenzake akiitwa mbele ya kikao, naye huambiwa atoe hesabu: aeleze, aonyeshe, akaguliwe.

Hesabu hii ya pili, ya kukaguliwa, ndiyo ninayoitafuta kila ninapotazama filamu yenye mtu wa hisabati, na mara nyingi siioni. Kwenye karakana inaanza asubuhi taa zikiwashwa na haiishi mpaka vumbi lifagiliwe.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe ili nisije nikaonekana nimekuja kuwasuta watengeneza filamu. Nimefundisha hisabati muda mrefu. Nilipostaafu nilikwenda kwa fundi seremala mmoja mzee nikamwomba anipokee kama mwanagenzi. Akaitazama mikono yangu, akacheka, akanipa ufagio. Baada ya wiki kadhaa za ufagio akanikabidhi msumeno. Tulikuwa tunatengeneza kabati la upana wa sentimita 100 kwa nje. Mbao za pembeni zilikuwa na unene wa milimita 18 kila moja. Rafu ya ndani iwe na urefu gani? Mia moja, toa 1.8, toa 1.8 tena, unabaki na 96.4. Fundi alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, akaandika 96.4 kwa penseli juu ya kipande cha mbao, akakiacha mezani, akatoka nje kupokea mteja.

Mimi nikaikuta ile namba. Nikakumbuka unene wa mbao. Nikajiona mjanja. Nikatoa 1.8, nikatoa 1.8 tena, nikapata 92.8, nikakata. Kila hatua ilikuwa sahihi kabisa. Mwanafunzi angeniletea daftari lenye kazi ile ningempa alama zote. Rafu nilipoiingiza kabatini ilipita katikati bila kugusa popote, ikaenda kulala chini.

Alichofanya fundi aliporudi nitawaeleza, lakini si sasa. Twende kwanza sinema.

Mtu wa hisabati kwenye filamu ana tabia zake. Haandiki kwenye daftari, anaandika kwenye kioo cha dirisha. Sijui nani alianza, lakini kioo kinapendeza kwa sababu kamera inaweza kukaa upande wa pili ikamwona mwandishi uso. Mnakumbuka A Beautiful Mind ya mwaka 2001, juu ya John Nash. Nash alikuwa mtu halisi, tasnifu yake ya mwaka 1950 ilikuwa na kurasa 28 tu, na mwaka 1994 akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ndani ya filamu, wazo lake kubwa, linaloitwa msawazo wa Nash, linamjia akiwa baa na rafiki zake. Wote wamevutiwa na msichana mmoja. Nash anawaambia wote wamwache huyo, kila mmoja amfuate mwingine, ili wasigongane. Muziki unapanda, anakusanya karatasi zake, anakimbia.

Tatizo ni kwamba ule si msawazo wa Nash. Msawazo wake una sharti moja: asiwepo hata mtu mmoja ambaye angefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, wenzake wakibaki palepale walipo. Pale baa, mara tu wenzako wote wanapomwacha yule msichana, wewe unafaidika kwa kugeuka umfuate. Sharti limevunjika. Filamu ilipata Oscar ya filamu bora, na mfano wa kufundishia wazo lake kuu ni mfano unaolikanusha. Kukagua kungechukua dakika mbili.

Ninayoipenda zaidi, hata nikiichokoza, ni Good Will Hunting ya mwaka 1997. Kijana anayefanya usafi katika chuo cha MIT anaona swali kwenye ubao wa ukumbini, anachukua chaki, analimaliza. Swali la pili ndilo la kwetu, kwa sababu linahusu miti. Sitanii, wanahisabati huita hivyo. Chora nukta, ziunganishe kwa mistari mpaka zote ziwe zimeshikana, lakini usiache mistari ijirudie ikafanya duara. Hapo una mti. Swali linasema: chora miti yote yenye nukta kumi, ila pasiwepo nukta yenye mistari miwili tu. Nukta iwe ncha, yenye mstari mmoja, au iwe njia panda ya mistari mitatu au zaidi.

Jaribuni na nukta chache kwanza. Nukta nne: kuna mti mmoja tu, nukta moja katikati na tatu kuizunguka. Nukta tano, mmoja tena. Nukta sita, kuna miwili: nyota yenye ncha tano, na ule unaofanana na herufi H. Endeleeni hivyo hadi nukta kumi, mtapata miti kumi. Mwenye penseli na jioni moja ya subira ataifikia yote. Ndani ya filamu profesa anasema lile swali liliwachukua yeye na wenzake zaidi ya miaka miwili. (Kicheko.) Ndiyo, na mimi nilicheka hivyohivyo.

Lakini nilimwonyesha fundi wangu kipande hicho kwenye simu, wakati wa mapumziko, na yeye hakucheka. Aliangalia yule kijana akichora haraka haraka, akaniuliza, “Mwalimu, huyu amejuaje kwamba imekwisha?” Nikamwambia nini imekwisha. “Hiyo miti. Amejuaje hakuna wa kumi na moja?”

Nilifundisha miaka yote ile nikitafuta namna rahisi ya kueleza uthibitisho ni nini, na mtu ambaye hakumaliza shule akaisema huku anakunywa chai. Kuchora miti kumi ni kazi ya mkono. Kuonyesha kwamba wa kumi na moja hayupo, kwamba umepita kila mlango na kila mlango umeufunga nyuma yako, hiyo ndiyo hisabati. Na hiyo sehemu kamera haiitaki, kwa kuwa haina mwendo. Ni mtu ameketi anajiuliza: hapa je? Na hapa?

Sasa, kuna filamu ya zamani ambayo nimewaletea vifaa vyake. The Wizard of Oz, mwaka 1939. Kuna sanamu ya majani, ile ya kutishia ndege shambani, ambayo inalia muda wote kwamba haina ubongo. Mwishoni inapewa cheti, na papo hapo inatamka kwa kujiamini kwamba jumla ya vipeuo vya pili vya pande zozote mbili za pembetatu yenye pande mbili sawa ni sawa na kipeuo cha pili cha upande uliobaki. Inasikika vizuri. Ina harufu ya Pythagoras. Watu wazima wamekaa wakaisikia kizazi baada ya kizazi wakaipitisha.

Msiipitishe. Mje mbele wawili. Hapa nina vijiti vitatu: viwili vya futi moja moja, na kimoja cha futi nne. Kipeuo cha pili cha moja ni moja. Moja na moja, mbili. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili. Maneno ya ile sanamu yametimia hapa bila kasoro. Tafadhali niundieni pembetatu yake.

(Vijana wawili wanajaribu. Ukumbi unacheka.)

Mnaona? Vile vifupi viwili mkivilaza kutoka ncha mbili za kile kirefu havikutani, vimeachana kwa futi mbili nzima. Na si kwa vijiti hivi tu. Pande mbili sawa zikiwa na urefu wowote, kanuni ile inataka upande wa tatu uwe mara nne ya mmoja wao, wakati pembetatu haiwezi kuukubali hata ukifika mara mbili. Mkianza na upande mmoja kati ya zile zilizo sawa pamoja na ule wa tatu, mambo ni mabaya zaidi: upande wa tatu unalazimika kuwa sifuri. Yaani ile sanamu haikukosea maneno ya Pythagoras tu, ilitaja pembetatu ambayo haipo duniani. Mwanasarufi huenda asione kosa. Mwenye vijiti analiona.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Hisabati iliyotendewa haki kuliko zote, kwa maoni yangu, imo kwenye filamu ya risasi na milipuko, Die Hard with a Vengeance ya mwaka 1995. Watu wawili wana dumu la galoni tatu na dumu la galoni tano, chemchemi ya maji iko mbele yao, na bomu linataka galoni nne kamili juu ya mizani. Wanaanza vibaya. Wanatukanana. Wanaanza upya. Njia mojawapo ni hii: jaza la tano, mimina kwenye la tatu, zinabaki mbili, mwaga la tatu, weka zile mbili humo, jaza tena la tano, ongezea la tatu hadi lijae, litapokea galoni moja tu, na kwenye la tano umebaki na nne. Napenda kwamba jibu halikushuka kutoka mbinguni, na napenda zaidi kwamba kuna mkaguzi asiye na huruma, mizani. Kwa tatu na tano unaweza kupata galoni moja, mbili, tatu, nne au tano, kwa sababu namba hizo hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja. Mngepewa dumu la nne na la sita, mngemimina hadi kiama msipate galoni tatu. Daima mngepata shufwa.

Sasa tuingie karakanani.

Wanaosomea useremala wanalijua swali hili, walimu wa hisabati nawaomba mlijibu kwa sauti. Una ubao wa sentimita 240. Unataka vipande vya sentimita 30. Utapata vingapi?

(Sauti: vinane!)

Na mafundi wanasema vingapi? Saba na mabaki. Msumeno nao unakula. Kila unapopita unageuza ukanda wa mbao kuwa vumbi, na msumeno wa kawaida wa mashine unakula kama milimita tatu. Ili kupata vipande vinane unakata mara saba. Saba kwa tatu, milimita 21. Kipande cha nane kitakuwa na sentimita 27.9, na mteja wako hatataka kusikia habari za kugawanya 240 kwa 30. Ile hesabu ya darasani haikuwa ya uongo. Ilikuwa hesabu ya ubao ambao haujakatwa.

Makosa madogo yana tabia ya kutembea kwa kundi. Tuseme unatengeneza fremu ya pembe sita. Kila kona unakata mbao mbili, kila moja kwa nyuzi 30, jumla mikato kumi na miwili. Mashine yako imekosea nusu ya nyuzi, jambo ambalo jicho halilioni. Mara kumi na mbili, nyuzi sita. Kona tano zitafunga kama kitabu kipya na ya sita itakaa wazi, nawe utailaumu ile ya sita. Ndiyo maana mzee wangu akigawa nafasi za nguzo za kizuizi cha ngazi hapimi kutoka nguzo moja hadi nyingine. Anaanza kila kipimo kwenye ncha ileile ya mwanzo. Kosa la milimita moja likitokea linabaki milimita moja, halizai.

Na yapo mambo ambayo akili ya kawaida inayakadiria vibaya mno. Rafu ya vitabu ya sentimita 60 imekaa vizuri, haijapinda. Unataka ya sentimita 120, ubao uleule, unene uleule, nayo ijae vitabu mwanzo hadi mwisho. Itapinda mara ngapi zaidi? Wengi watasema mara mbili. Jasiri atasema mara nne. Ni mara kumi na sita, maana mpindo wa rafu iliyojaa hukua kwa kipeo cha nne cha urefu wake. Unene nao unakutetea, lakini kwa kipeo cha tatu: ukiuongeza mara mbili, mpindo unapungua mara nane. Bado hujafika. Hapo ndipo fundi anaweka nguzo katikati bila kuandika chochote, na mwalimu wa fizikia anajaza ukurasa, na wote wawili wamefika mahali pamoja.

Kuna siku moja ambayo mimi naiweka juu ya zote. Tulikuwa na mlango wenye tao juu. Upana sentimita 120, na tao lipande sentimita 20 katikati. Tao linachorwa kwa kamba iliyofungwa kwenye msumari, kama duara lolote, lakini msumari upigwe wapi? Nilikuwa bado natafuta karatasi. Fundi akaanza kunong’ona: “Nusu ya upana, sitini. Sitini mara sitini, elfu tatu na mia sita. Gawa kwa ishirini, mia na themanini. Rudisha ishirini, mia mbili. Kata nusu. Mia.” Akapima kamba ya sentimita 100, akapiga msumari, akachora. Penseli ikapita ncha ya kushoto, kilele, na ncha ya kulia.

Nikamuuliza kanuni hiyo inatoka wapi. Akasema alifundishwa na aliyemfundisha, na yule naye vilevile. Basi siku hiyo zamu ya kufundisha ikawa yangu. Nilimchorea duara zima kwenye mbao chakavu. Tao lako ni kipande cha juu tu cha duara hili, nikamwambia. Mstari wa upana umekatwa katikati kuwa sitini na sitini, na kipenyo kinachousimamia kimekatwa na mstari huo kuwa ishirini juu na kipande kirefu chini. Mistari miwili ikikatana ndani ya duara, vipande vya mmoja vikizidishwa vinalingana na vipande vya mwingine vikizidishwa. Kwa hiyo ile 180 yako ndiyo kipande cha chini. Ukirudisha ishirini unapata kipenyo kizima, na ukikata nusu unapata urefu wa kamba. Akakaa kimya. Kisha akachukua tepu akapima kutoka msumari hadi kwenye mstari wa upana: 80. Kutoka pale hadi ncha: 60. Kamba: 100. Akasema, “Hii si ile yetu ya kona?”

Ilikuwa ndiyo. Mafundi wote mnaijua: tatu, nne, tano. Pima 60 upande huu, 80 upande ule, na mshazari ukitoka 100 kona yako ni mraba. Aliitumia kila siku kwenye fremu, na hapo akaikuta imejificha ndani ya tao, mahali asipoialika. Nimeshaona wanafunzi wakipata alama za juu kabisa, lakini uso kama ule wa mzee siku hiyo nimeuona mara chache.

Kijana mmoja aliyeketi pale nyuma aliniwahi mlangoni akaniuliza: mwalimu, siku hizi kuna programu za kupanga mikato na mashine zinazojiendesha, tunahangaika nini? Swali zuri. Hizo programu zina kisanduku cha kuandika unene unaoliwa na msumeno. Ukiacha sifuri, programu itakuamini, na itakupa vipande vinane vya sentimita 30 kutoka ubao wa 240 kwa uso mkavu.

Na hapo narudi sinema, kwa filamu iliyokaribia jambo ninalolisema. Hidden Figures, mwaka 2016, juu ya wanawake weusi waliokuwa wakikokotoa hesabu za safari za anga za Marekani kabla kompyuta hazijazoeleka. Mmoja wao ni Katherine Johnson, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2020. Mwanaanga John Glenn alikuwa anajiandaa kuizunguka dunia. Njia ya chombo ilikuwa imekokotolewa na kompyuta, na Glenn hakutaka kuiamini mashine peke yake. Akaomba yule mama azirudie hesabu zile kwa mkono; akisema ziko sawa, yeye yuko tayari. Tarehe 20 Februari 1962 aliruka, akaizunguka dunia mara tatu, akarudi salama.

Filamu nzuri, nimeitazama zaidi ya mara moja. Lakini inamweka mama huyo akifanya ukaguzi ule mbio mbio, chombo kikiwa tayari kuruka. Kwa kweli ilikuwa siku kadhaa kabla, na ilimchukua siku moja na nusu. Siku moja na nusu ameketi na mashine ndogo ya mezani, tarakimu juu ya tarakimu, hakuna muziki. Naelewa kwa nini mwongozaji hakuionyesha. Hata hivyo, ningepewa mimi kamera, ningemwacha mtazamaji akae naye angalau dakika tano pale mezani, mpaka naye aanze kuhisi uzito wa desimali.

Muda ndio kitu cha kwanza kukatwa sinemani. Stand and Deliver ya mwaka 1988 inamhusu mwalimu Jaime Escalante wa Los Angeles, ambaye mwaka 1982 wanafunzi wake 18 wa mtaa wa kipato cha chini walifaulu mtihani wa kalkulasi, 14 kati yao wakashukiwa kuiba majibu, na 12 waliporudia wakafaulu tena. Hayo yote ni kweli. Ila Escalante alikuwa ameanza kufundisha shule ile mwaka 1974. Miaka minane, na ndani yake yamo madarasa ya wanafunzi wachache mno. Mwalimu kijana akiitazama filamu ile bila kujua hilo atajiona ameshindwa kufikia muhula wa pili.

Hadithi ninayoitamani kwenye skrini kubwa ni ya mwanahisabati Mwingereza, Andrew Wiles. Tumekwisha kuona kwamba mraba wa tatu na mraba wa nne zikijumlishwa zinatoa mraba wa tano: tisa na kumi na sita, ishirini na tano. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, alidai kwamba ukiacha mraba ukatumia mchemraba, au kipeo chochote cha juu zaidi, hutapata kamwe namba kamili za namna hiyo. Zaidi ya miaka 350 hakuna aliyeweza kuithibitisha. Juni 1993, Wiles akasimama Cambridge akatangaza kwamba amemaliza. Dunia nzima ikaandika. Kisha waliopewa kazi yake waikague wakakuta kiungo kimoja hakishiki. Alihangaika nacho zaidi ya mwaka mmoja, akisaidiwa na Richard Taylor, na Septemba 1994 akapata njia, kwa kurudi kwenye mbinu aliyokuwa ameiweka kando. Ikachapishwa mwaka 1995. Mnajua ni sehemu gani ningeipiga picha? Si siku ya makofi. Ni asubuhi moja ya ule mwaka wa katikati, mtu ameketi mbele ya kabati ambalo dunia nzima imeshalisifu, na yeye peke yake anajua mlango haufungi.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie deni langu la rafu.

Fundi aliporudi kutoka kwa mteja alinikuta nimesimama na ile rafu mkononi. Hakuuliza nimefanya nini. Akaiingiza kabatini, akaisukuma upande mmoja, akapima pengo upande wa pili. Tatu nukta sita. Akaniangalia juu ya miwani. “Umetoa mara mbili.” Alijua kosa langu kwa kulipima. Pengo lingekuwa sentimita mbili angejua nimesoma tepu vibaya, likiwa 1.8 angejua nimetoa ubao mmoja zaidi. Lakini 3.6 ni mbao mbili kamili, na mbao mbili kamili ni mwalimu aliyejifanya mjanja.

Kisha akainama kwenye mabaki, akaokota vipande viwili vya ubao uleule wa milimita 18. Hakuvipima unene, kwa nini avipime? Akavigundisha kimoja kila ncha ya rafu, akaviacha vining’inie chini kidogo kama masikio, akaiingiza tena. Ikaingia kwa kubanwa, kimya, hadi mahali pake. Akapitisha skrubu kwenye yale masikio mpaka kwenye kuta za kabati. Akaipiga ngumi mara moja kuijaribu, akasema, “Hii sasa ni ngumu kuliko zile nyingine,” akanirudishia ufagio.

Vile vijiti vitatu naviacha hapa mezani, pamoja na kamba, msumari na ubao wenye alama za 120 na 20. Chai ipo nje.